Nimealikwa kupanda mlima hadi chemchemi ya maji moto Japani, pumzi sina. Naombeni ushauri

BintiPangani:
Habari zenu wapendwa. Niko Matsumoto, Japani, nasoma shahada ya uzamili. Wenzangu wa maabara wamepanga twende Honzawa Onsen mwishoni mwa mwezi wa kumi. Ni chemchemi ya maji moto kwenye milima ya Yatsugatake, mita 2,150 juu. Gari linaishia Inagoyu, kama mita 1,500, kuanzia hapo ni miguu tu. Tupande, tuoge, tushuke siku hiyohiyo.

Mimi mtu wa pwani, mlima niliouzoea ni ngazi za bweni. Mara ya mwisho tulipotoka pamoja, tena kilima tu cha jirani, wenzangu walipanda huku wanapiga soga, mimi nyuma nahema. Kila nikiwafikia, wao wameshapumzika, wananyanyuka, safari inaendelea. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kushuka nako magoti yaligoma.

La pili, bwawa liko wazi, wanaume kwa wanawake, na huku watu huoga bila nguo. Mimi ni Muislamu, na hata nisingekuwa, profesa atakuwepo jamani!

Nikatae? Wazo lenyewe limetoka kwa profesa. Nawasilisha.

Kipara_wa_Marangu:
Usikatae dada. Mimi napandisha wageni Kilimanjaro, na kwa ulivyoeleza, siku ile hukushindwa na mlima, ulishindwa na nafasi yako kwenye mstari. Wa nyuma ndiye anayechoka kuliko wote: anawakimbiza wenzake, akifika wanaondoka, yeye hapumziki kabisa. Mwombe kiongozi uwe wa pili, nyuma yake tu, na yeye afuate mwendo wako. Ukiona huwezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, punguza. Hiyo "pole pole" hatuwaimbii wageni kwa kuwafurahisha.

Magoti huumia wakati wa kushuka. Chukua fimbo mbili, piga hatua fupi, usijiachie mteremkoni.

Mzee_wa_Bunju:
Nenda bhana, ukichoka profesa atakubeba 😂

Mama_Nagoya:
Huyo wa juu tumsamehe. Mdogo wangu, pale nimefika. Bwawa ni kisanduku cha mbao kwenye korongo la mawe chini ya mlima Iodake. Hakuna ukuta wala chumba cha kubadilishia nguo. Ila nilikuta wanawake wamevaa nguo za kuogelea na hakuna aliyewakodolea macho. Dakika chache chini yake kuna nyumba ya wageni, ulizia hapo utaratibu, ubadilishe hapohapo. Roho ikikataa, kaa pembeni na chai yako, hakuna alama zinazotolewa.

Vua pete na mkufu wa fedha kabla hujakaribia, maji yana salfa, vitageuka vyeusi. Usivae fulana ya pamba: ikilowa jasho haikauki, na huko juu kuna baridi. Joto hupungua kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, na ninyi mnatoka Matsumoto, kama mita 600. Piga hesabu. Supu za kwenye vibanda vya mlimani mara nyingi zina nguruwe, kwa hiyo beba onigiri (matonge ya wali) zako za samaki. Na kengele ya kuwatahadharisha dubu, usicheke, wapo.

Muuguzi_Mwanza:
Nami niongeze la afya. Usiingie majini ukiwa bado unahema. Maji moto hupanua mishipa, presha inashuka, na kama jasho limekumaliza maji mwilini, ukisimama ghafla unaanguka. Kaa kwanza, kunywa, kula kitu. Dakika tano hadi kumi zinatosha, kisha nyanyuka taratibu. Watu hulowa pale kana kwamba wamefika nyumbani, kumbe mteremko wote bado unawasubiri na miguu imeshalegea.

Ratiba_Kwanza:
Mimi sikubaliani na Kipara moja kwa moja. Mwishoni mwa Oktoba huko jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, na msituni giza linawahi zaidi. Kupanda kwa watu wenye mazoezi ni kama saa tatu, kwako weka nne au zaidi, na kushuka je? Kama mnaondoka mjini saa nne asubuhi, kataa, hata profesa akinuna. Vinginevyo pendekeza mlale kwenye hiyo nyumba ya wageni.

BintiPangani:
Asanteni sana. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo Ratiba upoe kidogo. Nimemwambia kiongozi wetu niwe wa pili, akakubali bila swali. Kumbe kuna mwenzangu Mvietnamu naye alikuwa anaogopa kusema, sasa ni wa tatu! Kuoga nitaamua hukohuko, ila miguu lazima niiloweke. Swali la mwisho: viatu vya mlima nikodi au ninunue?

Mama_Nagoya:
Kodi, ila soksi nene nunua zako. Na kama mguu wako ni namba 41 kwenda juu, usihangaike na viatu vya kike, nenda moja kwa moja upande wa wanaume.