Naomba ushauri: keneli yangu inakufa kwa laptopu, kwa QEMU iko sawa

Asalaam aleikum wandugu, niko Lamu huku Langoni, najifunza kuandika keneli yangu mwenyewe, yaani kile kiini cha mfumo endeshi, kwa lugha ya C kwenye laptopu kuukuu ya biti 64 na sasa nimekwama kabisa. Ndani ya QEMU, ile programu inayoiga kompyuta, inagawa memori kwa kurasa za baiti 4096, inaachia, inagawa tena, hakuna neno. Nikiitia kwa flashi niwashe laptopu yenyewe, dakika mbili tatu inapiga hitilafu namba 14, ile ya ukurasa, halafu mashine inajiwasha upya.

Nimechapisha CR2, rejista ya prosesa, kwa skrini nione anwani iliyoguswa, na kila mara ni tofauti, hilo ndo linaninyima usingizi, ingekuwa moja tu ningeifuata. Jana nikajaza baiti 0xAA iwe alama kwa kila ukurasa unaoachiwa, stima ikapotea mtaa mzima nikaendelea na betri, na wallahi nikaikuta hiyo AA ndani ya jedwali la kurasa linalotumika, lile linaloiambia prosesa kila ukurasa uko wapi kwa memori!

Sasa sijui, ni ukurasa umeachiwa huku bado unatumika, ama ni jedwali jipya sikulifuta kwa sifuri, maana QEMU inaanza na memori ya sifuri tupu na laptopu haianzi hivo. Nafikiria kujaza 0xBB wakati wa kugawa nizitofautishe. Itatosha? Na KASAN, kile chombo cha kunasa makosa ya memori ndani ya keneli, kilichoingia Linux 2015, kuna aliyewahi kuihamishia keneli ndogo kama hii, ama nitapoteza wakati bure? Nisaidieni jamani, hii kazi naipenda sana.