Nywila ya BIOS, BitLocker au VeraCrypt: ipi inafaa kwa kompyuta inayolala ofisini?

Mtunzahazina
Ndugu wanajukwaa, ninatunza hesabu za SACCOS yetu katika ofisi ya kupanga ambayo ufunguo wake wanao watu wanne, akiwamo mlinzi na mama wa usafi. Kompyuta mpakato ya chama hulala mezani ikiwa na majina, namba za simu na mikopo ya kila mwanachama, yaani taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanitaka nizilinde. Ina Windows 11 Pro na nywila ya kuingilia. Mmoja amenishauri niweke nywila ya BIOS (programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows), wa pili BitLocker, yaani usimbaji wa Windows yenyewe unaovuruga yaliyomo kwenye diski yasisomeke bila ufunguo, wa tatu VeraCrypt, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Naomba kujua kila moja inamzuia nani hasa, kwa kuwa ninayemhofia anaweza kuketi mbele ya mashine usiku kucha.

Bisibisi
Nywila ya Windows peke yake usiihesabu. Mimi ni fundi, na wateja waliosahau nywila huniletea mashine mara kwa mara. Diski isiyosimbwa nikiichomoa na kuichomeka kwenye mashine nyingine, au nikiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mafaili husomeka bila kuulizwa chochote. Nywila ya BIOS humzuia mtu wa flashi tu, wala haiigusi diski yenyewe: skrubu chache, diski iko mfukoni. Kwenye kompyuta nyingi za mezani za zamani, nywila hiyo hufutika hata kwa kutoa betri ndogo ya ubao mama.

Pwani_Kavu
Naafiki. Zimebaki BitLocker na VeraCrypt, ila watu husahau kwamba BitLocker ziko mbili. Ile ya kawaida huweka ufunguo ndani ya TPM, chipu ya usalama iliyomo kwenye kompyuta, na chipu huutoa yenyewe kompyuta inapowashwa, kabla mtu hajaandika herufi moja. Aliyeiba diski peke yake ameambulia takataka. Aliyebeba mashine nzima amebeba kufuli pamoja na ufunguo wake. Mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha jinsi ya kuunasa ufunguo huo kwa sekunde 43, ukisafiri kutoka kwenye chipu ya kompyuta ya zamani ya Lenovo, kwa kifaa kidogo alichokiunda kwa Raspberry Pi Pico. Mashine nyingi za sasa zina TPM ndani ya prosesa, kwa hiyo waya huo wa kutegea haupo. BitLocker ya pili ni yenye PIN inayoulizwa kabla Windows haijaanza, na chipu haitoi kitu pasipo PIN hiyo. Toleo la Home halina chaguo hilo. Wewe mwenye Pro unalo, ingawa ni lazima uliruhusu kwanza kwenye mipangilio ya sera.

Mtunzahazina
Nashukuru. Na VeraCrypt je? Nikiri pia kwamba jioni huwa nafunika tu kifuniko, siizimi.

Darubini
Basi kifuniko kwanza, maana hapo zote mbili hushindwa. Kompyuta iliyosinzia bado imeshika ufunguo kwenye kumbukumbu yake ya RAM. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba yaliyomo kwenye RAM hubaki kwa muda hata baada ya umeme kukatwa, na hudumu zaidi chipu zikipozwa kwa kopo la hewa ya kupulizia vumbi lililopinduliwa. Wakatoa humo funguo za BitLocker na za TrueCrypt. Wakati mwingine hata kopo halihitajiki: Ross Ulbricht, mwanzilishi wa soko haramu la mtandaoni la Silk Road, alipokamatwa katika maktaba ya San Francisco mwezi Oktoba 2013, maafisa walizusha ugomvi wa uongo nyuma yake, naye alipogeuka wakainyakua kompyuta ikiwa wazi. Kwa hiyo zima kabisa. VeraCrypt, iliyochipuka kutoka TrueCrypt, haihitaji chipu yoyote na msimbo wake uko wazi kukaguliwa. Kwa mwizi anayeondoka moja kwa moja, ninaiamini sawa na BitLocker yenye PIN.

Bisibisi
Hapo kwenye "anayeondoka" ndipo tunapoachana. Wa ofisini haondoki, na kesho mashine iko palepale. Mwaka 2009 Joanna Rutkowska alionyesha flashi inayobadilisha kipande cha programu ya TrueCrypt kinachowasha kompyuta ili kihifadhi nywila ya mwenyewe atakapoiandika. Shambulio hilo akaliita la kijakazi mwovu, jina linalowaonea bure kina mama wa usafi. TPM hulinganisha vipande vya kuwashia na vile ilivyovizoea, na vikibadilika hukataa kutoa ufunguo. VeraCrypt haina mzani huo. Kwa mashine unayoirudia kila asubuhi, mimi nachukua BitLocker yenye PIN.

Pwani_Kavu
TPM ikikataa, utaombwa ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48. Uchapishe, na usiuweke kwenye begi la kompyuta.

Mtunzahazina
Nimekagua, TPM yangu imo ndani ya prosesa. Ninaweka BitLocker yenye PIN, na kuanzia leo mashine inazimwa na kufungiwa kabatini. Nilitaka tarakimu 48 zikae kwa mwenyekiti, kisha nikakumbuka kwamba naye ni mmoja wa wale wanne wenye ufunguo wa ofisi. Zitakaa kwa katibu, ambaye hana.