Beji za mionzi zinalala kabatini, halafu tunaambiwa tuko salama

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, mwaka wa sita huu. Juzi tulikuwa na kijana wa bodaboda, paja limevunjika, anawekewa chuma. Kwa kazi ile eksirei inaingizwa humohumo ndani, na Dokta anakanyaga pedali yake kila akitaka kuona chuma kimefika wapi. Tulikuwa sita, aproni mbili za risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Moja kavaa Dokta, nyingine mtu wa mionzi. Sisi wengine je? "Sista, shika mguu hapo, ni sekunde tu."

Sekunde tu! Nilihesabu mikanyago hadi 30 na kitu nikachoka. Upande wa pili wa meza dada mwenzangu ana mimba ya miezi minne, na kila mtu pale anajua. Akaambiwa aipe mashine mgongo. Sasa mgongo umekuwa ukuta? Mionzi inayotupata sisi inatawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa. Angeambiwa tu asogee kutoka mita 1 hadi 2, inayomfikia ingeshuka hadi karibu robo ya ile ya mwanzo. Na hilo nalo linasubiri bajeti?

Aproni ya tatu ipo, msidhani haipo. Imekunjwa mara nne, iko chini ya maboksi ya glavu. Aproni ya risasi hutundikwa, ukiikunja inapasuka kwa ndani na kwa nje huoni kitu. Mtu wa mionzi aliwahi kuipiga picha, kila kwenye kunjo kuna mstari mweusi.

Ila kilichonichoma ni beji, zile za kuvaa kazini zinazopima mionzi iliyokupata. Tunazo, zina namba zetu kabisa. Mfawidhi amezifungia kabatini "zisipotee, zinalipiwa". Kila baada ya miezi mitatu zinapelekwa TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kusomwa, majibu yanarudi safi. Yasirudi safi kwa nini? Wamepima kabati! Kiwango cha juu cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi) kwa mwaka, na mimba ikisharipotiwa, mtoto aliye tumboni asizidi 1 kwa muda uliobaki. Huyo dada amepata ngapi? Hakuna anayejua, wala hatajua.

Na cha kuchekesha, wenzangu haohao wakiwa wajawazito hawapiti karibu na chumba cha altrasaundi, eti kuna mionzi. Yale ni mawimbi ya sauti jamani! Mwingine anakimbia chumba cha eksirei wakati mashine imezimwa, halafu thieta eksirei inapigwa yeye yuko bila aproni anafuta meza.

Nilimfuata mfawidhi. Jibu: "Mbona wazee wetu wamestaafu humu na wana wajukuu?"

Jumatatu tuna mifupa miwili kwenye ratiba. Nimeomba beji yangu, nimeambiwa niandike barua. Mlioko hospitali nyingine, za kwenu mnazivaa au nazo zinalinda kabati? Na kuna aliyewahi kukataa kuingia bila aproni akabaki na kazi yake?