Natafuta fundi saa aliyekuwa Kariakoo 2021, ana saa ya marehemu babu yetu

Mjukuu wa Gadi:

Wakuu habari za wakati huu. Naombeni mawazo yenu, na kama kuna anayemfahamu huyu fundi basi itakuwa msaada mkubwa sana kwa familia yetu.

Babu mzaa baba alikuwa gadi wa treni Tabora. Alianza kazi enzi za Reli ya Afrika Mashariki na Jumuiya ilipovunjika 1977 akaendelea na TRC, shirika la reli la Tanzania, mpaka anastaafu. Mwaka 1972 alijinunulia Seiko 5 ya chuma, uso wake bluu iliyokoza, ina siku na tarehe, ufunguo wake haupo katikati kama saa nyingi bali umekaa chini kidogo penye namba 4 na umezama ndani. Hiyo ndo saa aliyokuwa anaitazama kabla hajapuliza filimbi na kupepea bendera ya kijani treni itoke kwenda Kigoma au Mwanza. Bibi anasema hata siku za mapumziko akisikia honi ya treni lazima atazame mkononi ajue imechelewa kiasi gani.

Baba alipooa babu akaivua akamvalisha pale pale mbele ya watu, na baba naye akamvalisha baba mdogo siku ya harusi yake, baadae kaka yetu mkubwa. Kwahiyo ndo utaratibu wa nyumba yetu, anayeoa anavalishwa ile saa, na baada ya baba kufariki baba mdogo ndo akawa anaitunza.

Sasa 2021 baada ya lile soko la Kariakoo kuungua mwezi wa saba, baba mdogo aliipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa na meza barabarani maeneo ya Mtaa wa Kongo, kioo kilikuwa na ufa na saa ilikuwa inapoteza dakika. Haijakaa sawa mwezi wa kumi machinga wakaondolewa barabarani, baba mdogo anarudi kuifuata anakuta pale ni peupe hakuna meza hakuna mtu. Alimtafuta sana mpaka akaanza kuumwa, na mwaka uliofuata tukampoteza. Kwenye waleti yake tumekuta kipande cha boksi la sigara kimeandikwa kwa kalamu ya bluu "Seiko, kioo + sevisi 25,000, advansi 10,000" na namba ya simu. Namba nikipiga anapokea dada mmoja yuko Mbeya anasema hiyo laini kasajili yeye na hajui habari za fundi yeyote.

Mdogo wangu anaoa mwezi wa kumi na mbili. Nimezunguka Kongo, Mkunguni, Sikukuu mpaka Machinga Complex bado sijapata hata jina la huyu fundi. Nyuma ya saa kuna kitu babu alichonga, hicho sitakitaja hapa. Siwezi kusema fundi kaiba maana yeye mwenyewe aliondolewa ghafla na mali za watu mkononi, mimi nachotaka ni saa irudi nyumbani basi.

Mishale Mitatu:

Pole sana ndugu yangu na pole kwa msiba. Mimi ni fundi saa, sipo Dar nipo Moro ila kazi hii nimerithi kwa mzee wangu kwahiyo ngoja nikupe vitu vitakavyokusaidia siku ukiiona uijue hata kama imebadilishwa sura.

Kwa maelezo yako na huo mwaka, inawezekana kabisa ni mashine ya 6119, Seiko walikuwa wanaiweka kwenye Seiko 5 nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 mpaka katikati ya 70. Angalia mfuniko wa nyuma, kuna namba mbili zimepigwa. Moja ina kistari katikati, ile ya mwanzo ndo aina ya mashine na inayofuata ni aina ya bodi. Nyingine ni ya saa yenyewe, tarakimu yake ya kwanza ni mwisho wa mwaka na ya pili ni mwezi. Kwahiyo kwa mashine ya 6119 ukikuta inaanza na 24 maana yake imetengenezwa mwezi wa nne 1972, mwezi wa kumi wanaandika O, wa kumi na moja N, wa kumi na mbili D. Kama babu alinunua 1972 namba inatarajiwa kuanza na 2 au na 1, ikianza na 8 kuna uwezekano mkubwa hiyo sio yenu hata iwe bluu namna gani.

Kingine, 6119 haijazwi ufunguo, inajijaza yenyewe ukitembea nayo. Tarehe yake unabadilisha kwa kubonyeza ufunguo kuingia ndani sio kwa kuuvuta. Mtu akikwambia saa anayo na kila asubuhi anaijaza ufunguo, huyo ana saa nyingine.

Na hili ni muhimu zaidi. Mafundi wengi wa zamani tukifungua saa tunachora kwa sindano upande wa NDANI wa mfuniko, herufi zetu na tarehe. Saa ya mwaka 1972 iliyotunzwa vizuri haiwezi kukosa michoro kadhaa mle ndani, kama bibi anakumbuka fundi wa Tabora aliyekuwa anaitengeneza muulize jina lake. Uso unaweza kupigwa rangi upya, ziko nyingi zinatoka India zimepakwa rangi mpya zinang'aa kuliko zilivyotoka kiwandani, kioo kinabadilishwa, cheni inabadilishwa, ila mfuniko watu huwa wanauacha vile vile.

Nikwambie na ukweli hata kama unauma, saa isiyofuatwa muda mrefu fundi mwingine anaifanya spea. Lakini mimi hapa ninayo tini ya saa ambazo mzee wangu aliacha, wenyewe hawajaja na sijauza hata moja. Mafundi wa namna hii tupo wengi, usikate tamaa.

Binti Ilala:

Umefanya la maana kutotaja kilichochongwa, endelea hivyo hivyo hata mtu akikufuata inbox na maneno matamu. Atakayesema anayo mwambie yeye ndo akwambie nyuma kuna nini, asipojua achana naye. Na usitume hela ya kutolea wala nauli wala "hela ya kumtuliza aliyenayo" kabla hujaishika mkononi, ndugu yangu mmoja aliibiwa hela hivyo hivyo akitafuta vyeti vyake na vyeti hakuvipata.

Nenda pia kituoni ukatoe taarifa ya upotevu, upate RB, yaani namba ya taarifa yako pale polisi. Sio kwamba polisi watakutafutia, ila siku ukiikuta kwenye meza ya mtu unakuwa na karatasi ya kukusaidia kujieleza, maana mtu anaweza kuwa kainunua kihalali kabisa na wewe huwezi kumkwapulia mkononi.

Kuhusu waliotolewa Kongo 2021, wengi walienda Machinga Complex ni kweli, ila wengine waliingia Karume na lile soko likaungua Januari 2022, baada ya hapo kuna waliohama mji kabisa. Kwahiyo usiishie kuzunguka Ilala tu.

Kaka wa Gerezani:

Mkuu mimi nina swali moja tu. Ile advansi ya elfu kumi baba mdogo alilipa keshi au kwa simu?

Kama alilipa kwa simu ile meseji ya muamala ina JINA kamili la aliyesajili laini wakati ule. Laini kapewa mtu mwingine sawa, ila meseji ya 2021 haibadiliki. Simu ya marehemu ipo wapi?

Halafu ukishapata jina usiulize mafundi "mmeona saa", hilo swali wanaulizwa kila siku na wanaogopa kuingizwa kwenye kesi. Uliza "fulani yuko wapi siku hizi, mzee wetu alikuwa mteja wake". Mafundi saa wanajuana huyu kamfundisha yule, wanaazimana spea, wanazikana. Ukimpata aliyemfundisha kazi umempata na yeye. Na anza na wazee wale wenye meza za kioo na lenzi ya jicho moja, vijana wa kubadilisha betri na mikanda wengi hawajakaa sana.

Mjukuu wa Gadi:

Kaka wa Gerezani Mungu akubariki. Simu anayo mama mdogo, ile ya batani, kaitunza kabatani na chaja yake. Jana nimeenda tukaichaji meseji zote zipo na muamala wa elfu kumi upo na JINA LIPO majina matatu. Mama mdogo alilia sana na mimi nilishindwa kujizuia, maana kwenye hiyo hiyo simu kuna meseji baba mdogo kamwandikia fundi "kijana wangu saa ya mzee usiiache kwa mtu".

Leo asubuhi nimeenda kwa mzee mmoja ana meza karibu na Msimbazi nikamuuliza kama ulivyonielekeza, sikutaja saa kabisa. Alivyosikia jina akasema huyo ni mwanafunzi wa rafiki yangu, baada ya kuondolewa barabarani alirudi kwao Korogwe na huko anafanya kazi sokoni. Jina silitaji humu maana hajafanya kosa lolote ninalolijua. Kanipa namba ya kaka yake, nimepiga kaongea vizuri tu, kasema mdogo wake aliondoka na begi la saa za watu na huwa analalamika wenyewe hawajulikani walipo.

Mishale Mitatu, bibi nimempigia, anamkumbuka fundi wa Tabora na kanitajia jina lake. Jumamosi nafunga safari na mdogo wangu anayeoa.

Mishale Mitatu:

Alhamdulillah, habari njema hii. Mkifika mpeni kwanza elfu kumi na tano yake iliyobaki kabla hamjauliza chochote, ni haki yake kama kazi aliimaliza. Mwambieni afungue mfuniko mbele yenu mtazame mchoro wa fundi wa Tabora. Kama imekaa bila kutembea tangu 2021 msiitikise kwa nguvu kuiamsha, oili inakuwa imekauka na meno yatakwanguana, afanye sevisi upya ndo ivaliwe. Akikosa kioo cha kufanana niandikieni humu humu nina vichache vya Seiko 5 za miaka hiyo, nitampa konda wa basi la Korogwe.

Binti Ilala:

Na mbebe RB na kile kipande cha boksi la sigara, msikiache nyumbani. Tunasubiri mrejesho Jumapili.