Mchoro wa kisanduku: kunakili namba tano siyo kufafanua, acheni kutoa alama za bure

Wakuu, hili limepita kiasi. Mchoro wa kisanduku (box plot) unaonyesha data kwa namba tano: ndogo kabisa, kwartili ya kwanza (takriban robo ya data iko chini yake), mediani (thamani ya katikati data zikipangwa), kwartili ya tatu (takriban robo tatu ziko chini yake) na kubwa kabisa. Kisanduku kinatoka kwartili ya kwanza hadi ya tatu, na mistari inayotokeza pande mbili ndiyo masharubu. Swali linasema "linganisha makundi haya mawili", mwanafunzi anaandika "mediani ya A ni 55, mediani ya B ni 52, kwartili ya kwanza ya A ni 41", anaendelea hivyo mpaka namba zinaisha, kisha anapewa alama zote. Amelinganisha nini hapo? Amesoma skeli tu.

Tuwe na mfano mmoja. Alama za jaribio za kundi A: ndogo kabisa 22, kwartili ya kwanza 41, mediani 55, kwartili ya tatu 62, kubwa kabisa 80. Kundi B: 35, 48, 52, 57, 69.

Kosa linaloudhi kuliko yote liko ndani ya kisanduku cha A. Kipande cha 41 hadi 55 kina urefu wa 14, cha 55 hadi 62 kina 7, basi jibu linakuja: "wengi wamepata kati ya 41 na 55". SIYO! Sharubu la kushoto, vipande viwili vya kisanduku na sharubu la kulia, kila kimoja kinabeba takriban robo ya data. Kipande kirefu maana yake robo hiyo imetawanyika, kifupi maana yake imebanana. Idadi ni ileile.

Na msimlaumu mtoto. Ametoka kwenye histogramu, ambako mstatili ukiwa mkubwa data zake ni nyingi, halafu analetewa kisanduku bila mtu kumwambia kwamba kanuni imegeuka. Dawa yake ni ya dakika kumi. Chukua thamani 12 zilizopangwa kuanzia ndogo, weka nukta juu ya mstari wa namba, kata kila baada ya nukta tatu, kisha chora kisanduku juu ya nukta hizohizo bila kuzifuta. Ataona kwa macho yake kwamba kipande kirefu kina nukta tatu na kifupi kina tatu. Badala yake anafundishwa kuchora kwa rula wiki nzima.

Jibu linalostahili alama ni kama hili: "Kwa mediani, A imefanya vizuri kidogo, alama 3 zaidi. Lakini nusu ya katikati ya A imesambaa kwa alama 21, ya B kwa alama 9 tu, kwa hiyo wanafunzi wa B wanakaribiana zaidi. Robo ya chini ya A haivuki 41, wakati robo tatu ya B wamepata 48 au zaidi." Sentensi tatu tu, na kila moja ina namba, ina neno la kulinganisha, na inasema jambo kuhusu wanafunzi wenyewe. Ukiandika "A ina mediani kubwa" ukaishia hapo, hujajibu. Data zingekuwa dakika za kumaliza mbio, mediani kubwa ingekuwa ya kundi lililo nyuma!

Halafu neno "wastani". Mstari ulio ndani ya kisanduku ni mediani. Kwenye namba hizo tano wastani haumo, na huwezi kuukokotoa kutoka humo. Vilevile kisanduku hakisemi kundi lina watu wangapi. Kisanduku kinene au kirefu si kundi kubwa. Na kinaficha umbo: kundi lenye rundo moja karibu na 30 na jingine karibu na 70 linaweza kutoa kisanduku cha kawaida kabisa. Anayehitaji umbo achore nukta.

Masharubu nayo yanaharibiwa. Kwa kanuni ya mtakwimu John Tukey, mpaka wa juu ni kwartili ya tatu kuongeza mara 1.5 ya tofauti ya kwartili (ya tatu kutoa ya kwanza). Kwa B: 57 + 13.5 = 70.5, kwa hiyo 69 iko ndani. Akiongezeka mwenye 74 na kwartili zikabaki zilezile, 74 inawekwa nukta peke yake na sharubu linaishia 69, yaani thamani halisi ya mwisho iliyo ndani ya mpaka. Wengi wanalivuta hadi 70.5, mahali ambapo hakuna data yoyote. Na thamani iliyojitenga haifutwi kwa sababu tu imejitenga! Inakaguliwa: kama ni kosa la kuandika inasahihishwa, kama ni ya kweli inabaki.

Mwisho ni kwartili zenyewe. Kwa namba 1 hadi 9, kwartili zikitafutwa kama mediani za nusu ya chini na nusu ya juu, ukiiacha mediani (5) nje ya nusu hizo unapata 2.5 na 7.5, ukiihesabu kwenye nusu zote mbili unapata 3 na 7. Njia zote mbili zinatumika, na Excel yenyewe ina fomula za QUARTILE.EXC na QUARTILE.INC ambazo hapa zinatoa majibu hayohayo mawili. Mwanafunzi anakoseshwa kwa kutumia njia ambayo swali halikuikataza. Andikeni njia kwenye swali, au kubalini majibu yote mawili.