Naomba ushauri: mwangwi unameza ngoma ya dumbaki

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Langoni, Lamu, narekodi taarabu chumbani kwangu kwa Reaper, programu ya kurekodi kwenye kompyuta. Nimeziba kuta kwa magodoro, mwangwi wote nautia kwa programu. Sauti ya shangazi na udi havina neno. Taabu ni dumbaki: pigo moja la "dum" mkia wake unaburuta sekunde mbili na nusu, "tak" inayofuata inazama, inakuwa uji.

Nimechuja kabla ya mwangwi, nikakata chini ya hezi 600 na juu ya 10,000, ile mbinu ya studio za Abbey Road, London. Uzito umepungua, mkia bado. Nikaweka geti (ile inayokata sauti ikishuka) baada ya mwangwi, ishike milisekunde 150, ifunge kwa 80. Sasa unakatika ghafla kama mlango uliobamizwa na kusi. Kwa disko sawa, kwa taarabu hapana!

Je, nirefushe muda wa kufunga? Au nitoe geti, niweke kompresa (ile inayobana sauti kubwa) inayoongozwa na dumbaki yenyewe, ikilia mwangwi uiname, ikinyamaza uinuke? Na filta nikiiendesha kwa envelopu, yaani ifuate kupanda na kushuka kwa sauti, ili ung'avu ufifie mapema, itasaidia? Aliyewahi anipe namba zake.

(Punda wa jirani naye anaingia kwenye rekodi, huyo nitamalizana naye mwenyewe.)