Nibadilishe pawa saplai, ninunue CPU ya mtumba au nihamie laptopu? (Arusha)

MamaKopi_Ngarenaro:
Wakuu habari za jioni. Kompyuta yangu ya mezani ya kazini imeanza kuganda. Natipu, ghafla mshale unasimama, kibodi haijibu. Nikishikilia kitufe inazima, nikiwasha tena haiwaki. Fundi mmoja wa hapa mjini kaitazama kwa macho tu, hata kuifungua hakuifungua, akasema pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, nimpe 60,000 na ufundi wake humo humo. Mwingine kasema niachane nayo, kuna CPU ya mtumba i5 kwa 320,000. Shemeji yangu yeye ananiambia laptopu. Hela ninayo ya kitu kimoja, na Jumatatu wanachuo wanaanza kuleta kazi zao. Nawasilisha.

Kahawa_Chungu:
Laptopu, dada. Umeme ukikatika unaendelea kutipu. Mjadala umefungwa.

fundi_wa_Kijenge:
Umefungwa na nani? Dada, umeacha yote ya maana. Mashine ya aina gani, RAM kiasi gani, ina umri gani? Ikigoma inakuwa kimya kabisa au feni inazunguka ila skrini nyeusi? Inapiga mlio? Inaganda baada ya muda gani? Bila hayo na mimi nitakupigia ramli kama huyo wa 60,000.

MamaKopi_Ngarenaro:
Samahani mkuu. Stika imefutika, ila ndani inaandika i3 kizazi cha 3, RAM 4GB, Windows 10. Niliinunua ikiwa imeshatumika, huu mwaka wa nne. Asubuhi inakwenda vizuri, inaanza kuganda kwenye saa nne wateja wakijaa. Ikigoma ni kimya, taa hakuna, feni hakuna. Nikichomoa waya nikasubiri kama nusu saa inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo.

Mwalimu_Mstaafu:
Kwanza tuelewane. CPU ni prosesa, kile kidude kidogo kinachokaa chini ya feni. Mnachokiita CPU ni kasha tu. Mtu akisema anauza CPU kwa 320,000 muulize anauza nini.

Kahawa_Chungu:
Mwalimu, nenda mtaani ukaulize bei ya "kasha" uone watakavyokutazama.

Mbuyuni_Moshi:
Dada, kabla hujagusa hiyo ya mtumba sikiliza yaliyonikuta huku Moshi. Mwaka juzi mashine yangu iliganda hivyo hivyo. Fundi akasema Windows imechoka. Akapiga mpya, 20,000. Wiki mbili, imeganda. Akapiga tena. Mara ya tatu akaniambia hadidiski, nikanunua SSD, ile hadidiski ya kisasa. Ikaganda na SSD yake! Nikakasirika, nikapanda basi hadi Dar nikaleta ya mtumba, nimeipakata mapajani safari nzima kama mtoto mchanga. Nafika, nawasha, inapiga milio tu. RAM ilikuwa imelegea kwa mitikisiko ya njiani, kitu cha kuchomoa, kusugua miguu yake kwa kifutio cha penseli na kurudisha. Lakini mimi nilikuwa sijui, nikamrudia yule yule fundi, akanitoza. Siku ya kuchukua nakuta 8GB imekuwa 4GB. Namuuliza, ananiambia ndivyo ilivyokuja. Ile ya zamani akaifungua kijana wa jirani, akaniita nitazame. Kapasita tatu za pawa saplai, vile vidude kama mapipa madogo vya kutunza umeme, zimevimba kichwani kama maandazi, moja imevuja ute wa kahawia umekaukia pale. Kumbe tatizo lilikuwa hilo tangu siku ya kwanza. Na zile Windows tatu zilifuta risechi za watu wawili ambazo sikuwa nimeziweka kwenye flashi. Mmoja mpaka leo tukikutana sokoni hanisalimii.

kijana_wa_Sakina:
Pole sana mkuu. Ila dada, Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Hiyo 60,000 unaizika. Na hiyo i5 usiilipie kabla hujajua ni kizazi cha ngapi, yaani prosesa yake ni toleo la zamani au jipya, wengi wanauza kizazi cha 4 kwa jina la i5. Au weka Linux Mint badala ya Windows, hutajuta.

Kahawa_Chungu:
Mlinux kafika. Sasa hiyo Linux itawasha mashine isiyowaka?

fundi_wa_Kijenge:
Tusiende huko. Kukaa kimya mpaka ipumzike kunanipeleka kwenye umeme au joto kabla ya Windows. Dada, chomoa waya ukutani, shikilia kitufe sekunde 30, fungua ubavu. Piga bloa, vumbi la kiangazi hapa unalijua, ila zuia feni kwa kidole isizunguke. Mwenye mita apime waya wa njano wa pawa saplai mashine ikiwa kazini: isishuke chini ya volti 11.4. Pawa saplai yenyewe usiifungue, inabaki na umeme hata ikiwa imechomolewa. Na nijibu hili: imechomekwa wapi?

MamaKopi_Ngarenaro:
Kwenye ekstensheni. Ipo na printa ya leza, mashine ya lamineshi, chaja za simu za wateja. Na birika la chai, ila hilo ni asubuhi tu.

fundi_wa_Kijenge:
Dada! Hilo ndilo ungeanza nalo. Leza kila inapopasha moto ili ichape inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na lamineshi nayo ni hita. Wateja wakijaa saa nne unawasha vyote, umeme unashuka, pawa saplai ya zamani inashindwa kustahimili. Shika kichwa cha ekstensheni ikiwa kazini, kina moto?

MamaKopi_Ngarenaro:
Kina moto. Na tundu moja limekuwa la njano. Nilidhani ni kawaida.

Mbuyuni_Moshi:
Hiyo itachoma duka zima. Tupa leo.

Mwalimu_Mstaafu:
Tena usije ukachomeka leza kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, utaiua UPS.

kijana_wa_Sakina:
Bado nasema pawa saplai imekufa. Nzima isingegoma nusu saa.

Kahawa_Chungu:
Laptopu ina betri.

MamaKopi_Ngarenaro:
Nimenunua ekstensheni nene, kompyuta iko peke yake kwenye soketi ya ukutani tangu asubuhi. Saa tisa hii haijaganda. Ila leo Jumamosi, nimetoa kopi kumi na mbili tu na lamineshi moja. Wa i5 kanipigia, anasema kuna mtu mwingine anaitaka, amenishushia mpaka 290,000. Nimemuuliza kizazi cha ngapi, kasema atanicheki.